Kimbilio au Kifungo? Tafakuri juu ya Asyla ya Thomas Adès

Ziko kazi za okestra ambazo msikilizaji anaweza kuzipenda maisha yake yote bila ya kujishughulisha na majina yake. Asyla haimo katika hizo. Mtunzi wake, Mwingereza Thomas Adès, alikuwa na umri wa miaka 26 ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Birmingham, tarehe 1 Oktoba 1997, na okestra ya simfoni ya mji huo ikiongozwa na Simon Rattle. Sehemu zake ni nne, mpango wake ni ule ule wa simfoni uliorithiwa tangu karne ya 18, na kijana yule angeweza kabisa kuiita Simfoni ya Kwanza akatulia. Hakufanya hivyo. Alikwenda kuchukua neno la watu wa kale, akalitia katika wingi, na kwa neno hilo moja akatujulisha kwamba anachokitunga ni habari ya dunia anayoishi.

Asylum ni neno la Kilatini lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ya mwanzo ni mahali ambapo haijuzu kumkamata mtu wala kupora kitu: hekalu, kwa mfano, ambamo mtoro akishaingia hagusiki tena. Asyla ni wingi wake. Waingereza walilipokea neno hilo wakalipa kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kale, na hata leo mtu aliyekimbia nchi yake huomba asylum, nasi kwa Kiswahili husema anaomba hifadhi. Ya pili ni nyumba ya kuwafungia wenye wazimu. Neno ni moja na mlango ni mmoja; tofauti ni nani anayeushika ufunguo.

Mfasiri akifika hapa hukaa chini. Nikisema Makimbilio, nimeupata mlango wa kuingilia, nimeukosa ule wa kufungiwa. Nikisema Hifadhi, nimepata neno pana zaidi, lenye kubeba pamoja kuhifadhi Kurani kifuani, kuhifadhi chakula kisioze, na hifadhi ya wakimbizi, ile ambayo wenzetu wa Pemba waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2001 waliujua uzito wake kuliko kamusi yoyote. Lakini ndani ya hifadhi hamna wazimu. Na nikiamua kuufuata wazimu wenyewe, basi msomaji wa Unguja atafikiria Kidongo Chekundu na wa bara atafikiria Mirembe, na wote wawili watacheka. Hekalu litakuwa limetupotea. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa muziki wenyewe unamlazimisha mtu alirudie.

Adès alizaliwa London mwaka 1971, yaani ni wa rika langu, na sasa amekwisha kuingia katika umri ambao watu huacha kukuita kijana hata kwa adabu. Naisema habari hii kwa sababu Asyla imezeeka pamoja nasi, na kazi ya ujana huonekana vizuri zaidi pale ujana unapokwisha. Ilipotoka ilipokewa kwa shangwe. Mwaka 2000 ilimpatia Tuzo ya Grawemeyer ya Marekani, naye akawa mtunzi mwenye umri mdogo kuliko wote waliokuwa wamekwisha kuipata. Mwezi Septemba 2002 Rattle alipoanza kazi ya kuiongoza Okestra ya Berlin, aliiweka Asyla katika tamasha lake la kwanza, ikafuatiwa na Simfoni ya Tano ya Mahler. Yote hayo ni heshima, na heshima haituambii bado iwapo kazi ni kweli. Ninalotaka kujua mimi ni kama fani kongwe, yenye kanuni zake na makalio yake yaliyozoea viti vya ukumbini, inaweza kuubeba ulimwengu wa leo bila ya kujifanya kijana.

Sehemu ya kwanza hufunguliwa na kengele za ng'ombe, zile wanazovishwa ng'ombe wa milimani huko Ulaya, nazo zimechaguliwa kwa sauti zake moja moja. Ndani ya okestra hii mna pia piano ya kusimama iliyoteremshwa kwa makusudi robo ya toni chini ya vyombo vingine. Sikio la Kizungu lililolelewa na piano huenda likaisikia hiyo kama piano mbovu, iliyoachwa katika nyumba iliyohamwa. Sikio la kisiwani haliwezi kuisikia hivyo moja kwa moja. Aliyelelewa na kanuni, udi na fidla anajua kwamba kati ya sauti mbili za piano ipo nyingine, na kwamba katika maqam ya Rast na ya Bayati hapo ndipo roho ya wimbo ilipo. Kwa hiyo kinachosikika kule kama ukuta uliopinda, kwetu kinaweza kusikika kama dirisha lililofunguliwa. Jina la kazi linaziruhusu tafsiri zote mbili, na sijui kama mtunzi aliwahi kufikiri kwamba msikilizaji wa Zanzibar angefika kwenye maana ya kimbilio kwa njia ya robo toni.

Juu ya milio hiyo hupanda wimbo mrefu wa mabaragumu, na baada ya hapo mambo huwa mengi. Nasema wazi kwamba sehemu hii ina haraka mno ya kuonyesha akili. Mawazo yanapishana kama watu wa Darajani usiku wa kuamkia sikukuu, kila mmoja na furushi lake, na mara mbili tatu nilitamani mtunzi angeliacha baragumu lipumue. Ni kasoro ya kijana mwenye vingi, na kasoro hiyo ni bora kuliko ya mwenye vichache anayevirefusha.

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa kazi, ingawa aghalabu wanaoandika juu ya Asyla huipita mbio ili waifikie ya tatu. Hapa husikika chombo adimu hata huko Ulaya, obo-besi, ndugu mnene wa zumari, chenye sauti itokayo kooni. Huimba wimbo unaoshuka. Hushuka hatua kwa hatua, na unapodhani kwamba umegusa sakafu, huanza tena kushuka kutoka mahali pengine, na vyombo vingine huupokea mteremko huo kama watu wanaopokezana jeneza. Hamna gari humu, hamna simu wala mashine. Lau mtu angeniuliza ni wapi katika muziki huu pana dunia ya leo, ningemwelekeza hapa kabla ya mahali pengine popote. Mtu wa mji mkubwa amelala ghorofani, taa za barabarani zinaingia dirishani, hana maradhi wala njaa, naye anashuka. Hakuna aliyemsukuma. Adès anaipa hali hiyo uzuri bila ya kuitia huruma ya uongo, na jumba hili la sauti ni kubwa na tupu kiasi kwamba huwezi kusema kama waliomo wameingia wenyewe au wameletwa.

Sasa tuje kwenye Ecstasio. Hilo ndilo jina la sehemu ya tatu, neno la kubuni lenye harufu ya Kitaliano, na nyuma yake limejificha jina la kidonge kilichokuwa kikimezwa katika kumbi za dansi za Uingereza katika miaka ya 1990. Muziki uliopigwa katika kumbi hizo ni ule wa tekno: mashine inapiga ngoma kubwa kwa kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, usiku kucha, bila ya kuchoka na bila ya kuchelewa. Adès aliuchukua mpigo huo akawapa watu waupige kwa mikono. Huanza kwa mbali, milio myembamba ikimetameta, kisha vipande vifupi hurudiwa na kupandana, nyuzi juu ya shaba, hadi ile ngoma kubwa inapoingia na kuukamata ukumbi mzima kifuani.

Si jambo geni kwa mtunzi kijana kuijibu dunia ya mashine kwa okestra. Arthur Honegger alikuwa na miaka 31 alipotunga Pacific 231 mwaka 1923, ambamo garimoshi zito huanza safari yake kwa kujikokota. Mrusi Alexander Mosolov, katika miaka ya 1926 na 1927, alitunga kipande kifupi juu ya kiwanda cha chuma, akatia bamba la chuma lenyewe ndani ya okestra. Miaka kumi baadaye serikali iliyosifu viwanda ilimpeleka kambi ya kazi ngumu. Lakini kwa hao mashine ilikuwa nje, kitu cha kutazamwa na kushangiliwa, chenye magurudumu na moshi. Katika Ecstasio mashine imekwisha kuingia ndani ya mtu. Hatuisikii ikifanya kazi. Tunawasikia watu ambao mioyo yao imefundishwa kupiga kwa hesabu yake.

Kuna hoja moja dhidi ya sehemu hii ambayo sitaki kuikwepa, kwa kuwa sisi wa visiwani tunaijua kuliko wengine. Tumeiona ngoma ya hoteli. Tumewaona vijana waliovishwa kanga za sare wakicheza msewe dakika kumi na tano kati ya supu na samaki, mbele ya wageni ambao kesho wana safari. Ngoma ile si ya uongo, hatua ni zile zile, lakini imeng'olewa miguu. Je, Ecstasio si ngoma ya hoteli? Watu waliolipa tiketi, waliovaa vizuri, wameketi katika safu kimya, wanaletewa klabu dakika chache kisha wanarudishwa kwenye mambo ya ustaarabu. Hoja ni nzito, na zipo tungo nyingi za okestra za kizazi hicho na kilichofuata ambazo haziponi nayo: zinaazima mpigo wa vijana kama mzee anayeazima fulana ya mjukuu.

Naona Asyla inapona, na sababu yangu ya kwanza ni ya kihistoria. Katika simfoni za Haydn na Mozart, sehemu ya tatu kwa kawaida ilikuwa minueti, yaani dansi ya kumbi za wakati wao, iliyochezwa na watu kwa miguu yao. Baadaye Beethoven aliiongeza kasi mpaka haichezeki. Mahler, katika hiyo Simfoni ya Tano iliyopigwa Berlin usiku mmoja na Asyla, aliweka katikati, mahali pa tatu kati ya sehemu tano, dansi kubwa yenye sauti za walzi. Kwa hiyo kijana wa 1997 aliyeleta dansi ya klabu akaiweka katika sehemu ya tatu alikuwa akiifuata mila kuliko wanaomlaumu kwa kuivunja. Mahali pale pamekuwa pakingojea dansi ya kila zama. Rattle, alipoziweka kazi hizo mbili pamoja, aliwaonyesha hayo waliokuwa na masikio bila ya kusema neno.

Sababu ya pili imo mikononi mwa wapigaji. Katika klabu mashine huhesabu ili watu wasahau kuhesabu. Katika okestra hakuna anayeruhusiwa kusahau: kila fidla, kila tarumbeta, na hasa yule wa ngoma kubwa, wanahesabu kwa woga, kwani aliyepotea hapa hatajirudisha. Wanaofahamu ngoma ya pepo wataelewa ninachokusudia. Anayepandisha ni mwele; mpigaji hubaki na akili zake, maana mapigo yakimponyoka hakuna wa kumrudisha mgonjwa. Lugha yetu imefanya hekima kuziita kwa neno moja, ngoma, ala, mchezo na tiba. Ecstasio inazitenganisha mbele ya macho yetu: wapigaji wanahesabu, muziki unapandisha, nasi wasikilizaji tumeketi vitini, mwili ukitaka na kiti kikikataa. Ukumbi wenyewe unakuwa asylum kwa maana zote mbili. Hiyo ndiyo tofauti na hoteli. Mgeni wa hoteli hasumbuliwi na kiti chake.

Neno ekstasi pia ni la Kigiriki, na maana yake ni kusimama nje ya nafsi. Katikati ya kazi inayozungumzia mahali pa kuingia, basi, mtunzi ameweka sehemu inayozungumzia kutoka. Kwa vijana wa wakati ule (na sidhani kwamba wa leo ni tofauti, wamebadilisha tu ukumbi) kimbilio pekee lililokuwa wazi usiku ni lile ambalo mtu hulifikia kwa kujiacha nje. Muziki hauwahukumu. Unapozidi kupanda unatisha, na furaha yake ni ya kweli, na haiwezekani kuonyesha kwa kidole ni wapi furaha ilipokwisha na hofu ilipoanza.

Sehemu ya nne ni fupi. Mtunzi ameiandikia Quasi leggiero, yaani kama kwa wepesi, na lile "kama" lina kazi kubwa, kwa kuwa wepesi wenyewe ni wa mtu anayetembea alfajiri masikio yakiwa bado yanavuma. Mara okestra nzima hutoa sauti moja pana ya kuogofya, kisha kazi huelekea mwisho kwa unyonge. Rafiki yangu mmoja anayefundisha muziki husema kwamba hapa mtunzi alikosa la kusema. Mimi naona alijizuia. Baada ya sehemu ya tatu, mwisho wa ushindi ungekuwa propaganda, na mwisho wa kilio ungekuwa mawaidha. Hata hivyo nakiri kwamba dakika mbili zaidi nisingezikataa.

Kwa nini haya yatuhusu sisi tunaotunga mashairi? Kwa sababu ugomvi wetu wa vina na mizani, uliopamba moto tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aghalabu umeendeshwa kana kwamba mambo mapya hayana budi kuvunja nyumba ili yaingie, au kana kwamba nyumba iliyokamilika haina haja ya mgeni. Kezilahabi alikuwa na haki ya kuivunja; alijua anachokivunja, na tungo zake zimesimama. Wengi waliomfuata hawakuvunja kitu, kwa kuwa hawakuwa na nyumba. Lakini mwaka mmoja kabla ya Kichomi, 1973, ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mkusanyiko wa tungo alizozitunga akiwa mfungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Humo mna dola mpya ya Afrika huru, mna upweke wa chumba cha gereza, na vyote vimeketi ndani ya bahari za shairi walizozijua mababu. Kila ninapoisoma najiuliza: kwa mtu aliyefungwa, mizani ile ilikuwa ukuta wa pili au ilikuwa kimbilio? Siwezi kuamini kwamba jibu ni moja. Adès alifanya jambo la ukoo huo. Alichukua sehemu nne za simfoni, chumba chenye kuta zinazojulikana, akamwingiza humo mtu wa wakati wake pamoja na wazimu wake, kisha akafunga mlango ili tusikie.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, Okestra ya Berlin chini ya Rattle ilitoa kazi yake nyingine, Tevot, yenye mwendo mmoja usiokatika. Jina hilo ni la Kiebrania, nalo pia limo katika wingi. Teva ni safina ya Nuhu, na ni kile kikapu alichotiwa Musa mchanga akaachwa majini, ambacho Kurani inakiita tabuti. Na katika Kiebrania cha leo, neno hilo hilo ni kipimo cha muziki, kile kichumba kidogo kati ya mistari miwili ya noti. Nilipolijua hilo nilifurahi kama aliyeokota pete yake. Mtu wa miaka 26 aliuliza ni wapi pa kukimbilia. Akiwa na miaka 35 alionekana kusema kwamba huenda ni humo humo ndani ya mizani. Tevot ni kazi pana zaidi na tulivu zaidi. Bado mimi huirudia Asyla mara nyingi kuliko hiyo, kwa sababu ndani yake swali halijapoa.

Imebaki tafsiri ya jina. Kwa miezi kadhaa nililiacha, kisha nikaliona nikipita Forodhani: Ngome. Ngome hujengwa ili watu wajikinge na adui, na ikishajengwa haikawii kupata wafungwa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome Kongwe yetu, waliyoijenga Waarabu wa Omani, nayo iliwahi kufungia watu, na ni humo humo ambamo kwa miaka mingi tumeketi usiku kuwasikiliza wapigaji wa Sauti za Busara na kutazama filamu chini ya nyota. Tena neno lenyewe halibadiliki katika wingi, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama ni moja au ni nyingi. Kinachopotea ni wazimu. Huo nautafutia nafasi katika jina la sehemu ya tatu, ambayo katika daftari langu nimeiandika Kupagawa, nikaifuta, nikaiandika Jazba, nikaifuta, na hadi leo imebaki Ecstasio.